Ukuta ni Wetu, Njia si Yetu

Je, mpenzi msomaji, umewahi kusimama mbele ya nyumba yenu ukajiuliza ni wapi hasa mali yenu inapokoma? Wengi wetu tuishio mijini hudhani kwamba ukuta ukiisha, hapo hapo barabara inaanza. Sivyo. Baina ya ukuta na lami kuna kipande cha ardhi ambacho aghalabu hakizidi hatua nne au tano. Hapo hupita watoto waendao shule na mtaro wa maji ya mvua, chini yake yamelazwa mabomba na nyaya, na juu yake hukaa mama auzaye viazi karai. Jioni wazee hutoa viti wakapunga upepo papo hapo. Kila mtu hukitumia na hakuna aulizaye ni cha nani, mpaka siku mtu mmoja atakapotaka kukikata ili apitishe gari lake.

Kwetu siku hiyo ilifika kwa sababu ya Ami.

Ami ni ndugu yake marehemu baba yangu. Alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo alikuwa akiishi Kibokoni katika Mji wa Kale. Wewe uliyepata kutembea Mji wa Kale wazijua njia zake. Kuna vichochoro ambavyo mkokoteni ukikutana na bodaboda, mmoja hana budi kurudi nyuma. Ami alipopatwa na kiharusi na upande wake wa kulia ukalegea, vijana wa mtaa walimbeba juu ya kiti cha mbao toka mlangoni kwake hadi Ndia Kuu, ambako teksi ilikuwa ikimngoja kumpeleka kwa mazoezi ya viungo. Walifanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi saba, bila ya kudai hata senti moja. Hata hivyo Ami mwenyewe alichoka kubebwa. Ndipo Shangazi, dada yake mkubwa, aliposema ahamie kwake Tudor, maana kule barabara ya lami inapita mbele ya nyumba.

Naam, inapita. Lakini haisimami! Tangu alfajiri mpaka usiku ni matatu, tuktuk, malori ya maji na bodaboda. Ukuta wa Shangazi ulikuwa na mlango mdogo tu wa kupita mtu, na mbele yake mtaro uliofunikwa kwa mbao mbili. Ndani, uwanja unatosha magari mawili, lakini gari lingeingia wapi? Kila Jumanne na Ijumaa binamu yangu alilazimika kusimamisha gari nusu barabarani nusu kijiani, huku makanga wakimtukana, naye akimvusha Ami juu ya mbao zile. Siku moja ya mvua Ami alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje wakati lori lilipopita karibu mno likang'oa kioo cha pembeni cha gari. Mguu ulisalimika. Jioni hiyo hakuna aliyekula chakula kikashuka.

Fundi aliitwa kesho yake. Aliutazama ukuta akatabasamu. "Hii ni kazi ya usiku mmoja," alisema. "Jumamosi jioni twavunja, Jumapili twamwaga zege, Jumatatu kanjo akipita atalikuta geti lishazaliwa." Binamu yangu alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni.

Shangazi alikataa. Yeye ni mwalimu mstaafu, na mwalimu haachi kuwa mwalimu. "Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na moja wasiibe hata chaki," alisema, "sitaibia watu njia uzeeni. Ukuta ni wetu, njia si yetu. Nendeni mkaombe."

"Shangazi wako hajui dunia," binamu aliniambia pembeni, ingawa anayemsema ni mamake mzazi. "Hebu hesabu mageti ya barabara hii. Mangapi yana karatasi?" Kusema kweli, swali hilo lilinikaa. Lakini amri ilikuwa imetolewa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufuatilia, kwa hoja kwamba mwandishi wa gazeti amezoea kuwauliza watu mambo wasiyotaka kuulizwa.

Kuomba ni sawa, lakini umwombe nani? Hapa ndipo wananchi wengi wanapopotelea. Sheria ya Barabara za Kenya ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za taifa, KURA kwa barabara za mijini, na KeRRA kwa za mashambani. Halafu ikaja Katiba ya 2010, ambayo ilizikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, na mwaka 2013 Kaunti ya Mombasa ikashika mahali pa baraza la manispaa. Kwa miaka mingi tangu hapo kumekuwa na mvutano baina ya kaunti na serikali kuu kuhusu barabara ipi ni ya nani. Kwako wewe mwenye nyumba zote ni lami na mashimo. Lakini sheria haikuruhusu kujenga chochote katika hifadhi ya barabara, yaani kile kipande cha kando ya lami nilichokitaja, bila ya idhini ya mamlaka inayohusika na barabara hiyo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua barabara yako ina mwenyewe gani.

Idhini hiyo peke yake haitoshi. Iko pia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, inayokataza ujenzi wa kuendeleza ardhi bila ya ruhusa ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Sheria hiyo hiyo yasema ukiomba na siku 60 zikapita bila ya jibu la maandishi, ruhusa huhesabiwa imetolewa. Binamu alipolisikia hili alipiga makofi. Ilibidi nimkumbushe kwamba ruhusa ya mipango ni moja na idhini ya mwenye barabara ni nyingine, na kimya cha mmoja hakimfungi mwingine.

Wasomaji wenye viwanja vilivyozungukwa na viwanja vya wenzao wasichanganye mambo. Wao wana sheria yao nyingine ya zamani, ile ya Barabara za Umma na Njia za Kuingilia, ambayo humwezesha mtu kuomba njia kupitia ardhi ya jirani. Ya Ami haikuwa hiyo. Sisi barabara tulikuwa nayo, tena ya kutushinda.

Sizitaji ofisi nilizozunguka. Ya kwanza ilinielekeza ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza na barua. Barua ikapotea. Ilipopatikana, ilikuwa imeambatishwa kwenye faili la mtu aliyetaka kuchimba kisima. Wiki ya tatu, nikiwa nimeketi nje chini ya mwarobaini, alinijia bwana mmoja nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliniambia kwamba kufikia saa kumi jioni karatasi itakuwa mkononi mwangu, na muhuri juu. Nilimwuliza kama atakuja kuitazama barabara yenyewe. Alicheka sana, akaenda kwa mtu wa pili.

Kungoja nako kuna faida yake, hasa kwa mtu wa kazi yangu, maana mtu hupata kuwaza. Nilikumbuka kwamba hamu ya kufikishwa mpaka mlangoni haikuanza na gari hapa Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya magari kuenea, watu wenye nafasi zao walisafiri kisiwani humu kwa vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na wanaume wenye nguvu, toka Mji wa Kale hadi Kilindini. Wakubwa wa serikali walikuwa na vigari vyao wenyewe, na vijireli vya pembeni viliachana na njia kuu vikaingia hadi kwenye nyumba zao. Abiria alishuka kivulini mbele ya ngazi yake. Wasukumaji, bila shaka, walirudi kwao kwa miguu.

Mji wa Kale wenyewe uliwaza kinyume. Nyumba ya Mswahili pale haikuomba chochote njiani. Ilitoa baraza, kiti cha mawe kando ya mlango, ili mpita njia aketi, aamkiwe, apewe kahawa. Mpaka leo ukitaka kuvunja uso wa nyumba ya Mji wa Kale upate pa kuwekea gari utakuwa na maswali mengi ya kujibu, kwani eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa la hifadhi mwaka 1990, na Makavazi ya Kitaifa yana ofisi inayoshughulikia majengo yake. Sisemi watu wote wa huko wanafurahia. Mwenye mgonjwa ndani hufurahia gari kuliko nakshi. Lakini vijana waliombeba Ami miezi saba walikuwa wakimngoja barazani, na Tudor mabaraza hayo hatuna.

Turudi kwenye ukuta. Miongoni mwa mambo tuliyotakiwa kuleta ni nakala ya hatimiliki, mchoro wa lango, na vipimo vya savea vinavyoonyesha mpaka wa kiwanja. Savea alikuja na chombo chake cha miguu mitatu, akapima, akakuna kichwa, akapima tena. Kisha akamwomba kijana achimbe karibu na shina la mwarobaini, upande wa ndani wa ukuta. Bikoni ikaonekana, chuma kilichozungushiwa zege, kimekaa pale miaka na miaka kikimezwa na mizizi. Maana yake unaielewa, msomaji. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umetoka nje ya kiwanja kwa sentimita 60. Marehemu mume wa Shangazi aliujenga zamani, kwa imani njema na fundi mbaya, na kwa muda wote huo tulikuwa tumefungia ndani kipande cha njia ya watu.

Binamu yangu alifura. "Si niliwaambia? Waliovunja usiku wamelala raha, sisi tulioomba ndio twabomolewa!" Na hapa, mpenzi msomaji, sina jibu la kumshinda. Ni kweli kwamba anayejitokeza ndiye anayepimwa. Jirani yetu wa tatu ana geti pana la chuma lililofunguliwa usiku wa sikukuu, mteremko wake umeukata mtaro, na hakuna aliyemgonga mlango. Mpango unaomwadhibu mwenye kuuliza na kumwacha asiyeuliza una kasoro, na kasoro hiyo haitaondoka kwa kuwahimiza wananchi wawe wema.

Shangazi aliitazama ile bikoni kwa muda. "Basi urudi ndani," alisema, akaenda kuteka maji ya kutawadha.

Baada ya hapo akaja mhandisi, kijana mwembamba mwenye kizibao cha manjano. Nilitarajia atatazama makaratasi, atie sahihi, aende. Kumbe! Alikaa zaidi ya saa nzima. Alisimama mahali ambapo tulikuwa tumepanga kuweka lango, upande wa kulia karibu na mlango wa nyumba ili Ami asitembezwe mbali. Akarudi hatua tatu kutoka ukingo wa lami, akachuchumaa kidogo ili macho yake yawe sawa na ya dereva aliyeketi, akatazama kulia.

"Waona nini?" aliniuliza nilipochuchumaa kando yake. Niliona kona, tena karibu sana.

Akaanza kunieleza, na maelezo yake nayaweka hapa kwa faida ya yeyote mwenye nia kama yetu. Kwa kuwa nchini mwetu tunaendesha upande wa kushoto, gari litokalo nyumbani kwanza hukutana na yale yanayotoka kulia. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa kila sekunde, na hapo ni kama dereva wa matatu anaitii sheria. Akiliona bomba la mbele la gari lako, huchukua sekunde moja au zaidi kabla ya mguu wake kufika kwenye breki. Kisha breki nayo yataka mita zake. Lango lililo karibu na kona humnyima zote hizo. Mgonjwa wenu, alisema, mngemtoa kwenye hatari ya kushuka barabarani mkamtia kwenye hatari ya kuchomoza barabarani.

Lango likahamishwa kwenye karatasi hadi mwisho wa kushoto wa kiwanja. Masharti mengine yalifuata. Lango lirudi ndani kiasi cha urefu wa gari zima, ili anayengoja kufunguliwa asikae juu ya kijia cha watu. Mbawa zake zifunguke kwa ndani. Ukuta pande zote mbili ushushwe hadi kiunoni, ili dereva amwone mtoto anayepita kabla ya pua ya gari kumfikia. Gari ligeuzwe uwanjani na litoke kwa mbele, lisirudi kinyumenyume hata siku moja. Kuingia na kutoka iwe kwa kukunja kushoto tu, bila kukata barabara. Mtaro uwekewe kalvati na vifuniko vya zege vinavyoweza kuinuliwa, visafishwe kila kabla ya masika, kwani mtaro mmoja ukizibwa Tudor maji hulala sebuleni kwa mtu mwingine kabisa.

Sharti lililonipendeza kuliko yote lilikuwa dogo. Kijia cha waendao kwa miguu kisishushwe. Kibaki sawa, bapa, na gari ndilo lipande. Umepata kuona vijia vyetu vinavyopanda na kushuka kila mbele ya geti, mpaka bibi mwenye mkongojo anaona heri atembee juu ya lami? Hivyo ndivyo mageti ya usiku yanavyotufanyia. Na kitu kingine: zege lote la nje tungelilipia sisi, lakini halingekuwa letu. Hata Uingereza, ambako mwenye nyumba huomba idhini chini ya sheria yao ya barabara ya mwaka 1980 ili ashushiwe ukingo, kile kivuko hubaki sehemu ya barabara ya umma.

Fomu iliuliza namba ya kiwanja, upana wa lango, kina cha mtaro, na umbali toka kona. Haikuwa na mahali pa kumwandika mama wa mahamri.

Huyu hukaa mwisho wa kushoto wa ukuta wetu, pale pale lango lilipohamia, kwa sababu matatu hushusha abiria hapo. Tangu alfajiri ana mahamri na mbaazi za nazi, na kufikia saa tatu kwisha. Kwa mujibu wa sheria hana hata inchi moja. Binamu alitaka tumwambie siku ya kuvunja. Shangazi alivaa buibui lake akatoka mwenyewe.

"Mwalimu," mama yule alisema baada ya kusikiliza, "mimi sina karatasi. Nikisema hapa ni pangu nitakuwa mwongo."

"Hata ukuta wangu ulikuwa mwongo," Shangazi akajibu. "Hebu tutafute."

Walitafuta. Kwanza alijaribu upande wa kona, ambako ukuta uliorudi ndani ulikuwa umeacha nafasi nzuri. Siku nne tu akaondoka, kwani wateja hawashuki kule. Akahamia ng'ambo ya lango, kupita ukuta mfupi. Mhandisi alipokuja kukagua kwa mara ya mwisho alichuchumaa tena kama kawaida yake, akaitazama ile meza, akaomba isogezwe hatua moja zaidi, akatia sahihi. Meza sasa hulala uani kwetu usiku. Lakini nilipomwuliza mama yule hali ya biashara, alinijibu bila ya kuzunguka kwamba siku hizi sinia moja hurudi nyumbani halijaguswa. Hatua kumi kutoka mahali matatu inaposimama ni nyingi kwa mtu mwenye haraka ya kazi. Shangazi hununua yaliyobaki, jambo ambalo yeye mwenyewe anajua haliwezi kuendelea milele.

Kazi yote, tangu barua ya kwanza hadi lango kufunguliwa, ilichukua muda unaopungua kidogo miezi mitano. Kubomoa na kujenga upya ukuta kuligharimu zaidi ya lango lenyewe, ndiyo maana lango kwa sasa ni la mabati. Binamu hajaacha kunung'unika, ila nimemwona akimkaripia mgeni aliyetaka kutoka kinyumenyume.

Ami huingia garini kivulini, polepole, bila ya mtu kumpigia honi. Kwa kuwa ni marufuku kukata kulia, na hospitali iko kulia, hulazimika kwenda kuzungukia mbali ndipo warudi. Hilo linamkera. "Bandarini nilingoja meli zipishane," alisema Ijumaa moja wakiwa wametulia langoni pua nje, "sasa nangoja tuktuk."

Wiki iliyopita mawingu yalianza kukusanyika upande wa bahari, na binamu akainua vifuniko vya kalvati kama karatasi inavyomwagiza. Alitoa chupa za plastiki zisizo na idadi, ndala ya mtoto, na upawa wa mbaazi ambao mama wa mahamri alikuwa ameutafuta mwezi mzima. Alirudishiwa upawa wake, akauosha kwa maji ya moto mara tatu.